Maswali ya Irlande kwenye Mlango wa Tata

Maswali yale ningali nayo kichwani, yote, na mpangilio wake. Uko na viatu peya mbili za nguvu? Uko na koti ya mvua yenye joto? Unakula nyama ao samaki kila siku ya pili? Unaoka nyama mara moja kwa juma? Nyumba yako ina joto la kutosha? Unaweza kuita ndugu ao rafiki kula kwako, hata mara moja kwa mwezi? Nimesahau nyimbo za kanisa nilizoimba tangu utoto, nimesahau hata sauti ya mume wangu wa kwanza, mais maswali yale hayatoki.

Hapa Butembo watu wa umri wangu wakikumbuka ule mwaka wanasema, “Ni ule muzungu mwanamuke alituletea matata.” Hapana. Mimi nilikuwa ndani, najua. Muzungu ana sehemu yake na nitaisema. Mais aliyefungua sanduku la karatasi ni shefu wa kartie yetu, mkubwa wa mtaa, kwa mkono wake, na ufunguo aliachiwa kwa kuaminiwa. Aliyetumia karatasi kutoa watu majumbani ni komanda wa waasi aliyekaa Beni. Na aliyeandika uongo ni mimi. Majina siandiki, kwa sababu shefu yuko hai na watoto wake leo ni watu wa kuogopwa. Lakini mtu wa kartie akisoma hatauliza ni nani.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne la primeri. Kazi yangu ilikuwa kuuza poro, vile vitunguu vya majani marefu, na karoti mlango kwa mlango, kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba. Ndiyo maana shefu alinitaja kwa yule muzungu, tuliyemwita Madame, alipotafuta watu wa kazi.

“Huyu anajua kila parseli, kila nyumba,” akamwambia. “Anajua hata imbwa gani inauma.”

Madame alikuwa mtu mzima, nywele nyekundu zilizoanza kuwa nyeupe, ngozi ya uso imebabuka kwa jua la Beni tangu alipoteremka ndege. Kiswahili alijifunza Tanzania, donc kilikuwa kizuri kupita chetu, na watu walimcheka kwa hilo. Alitoka Irlande, kisiwa kiko pembeni ya Angleterre, kule kwa Waingereza. Kwao alifanya kazi katika biro moja, ofisi ambayo kazi yake ni kuuliza manyumba: mnaishi namna gani, mnakosa nini. Wakimaliza wanaandika kitabu, na serikali yao inasoma ili ijue ni nani anaumia na kwa nini. Alitaka kutuuliza sisi maswali yale yale, bila kubadilisha hata moja, ili aweke vitabu viwili pamoja aone kukosa kwa kwao na kukosa kwa kwetu vinafanana wapi.

Siku ya kwanza alieleza mambo hayo kwenye kiwanja cha kanisa. Mwanamke mmoja jirani yetu akamuuliza kama kweli kwao kuko maskini.

“Wako,” akajibu. Akasimulia kwamba zamani za babu wa babu zake viazi vilioza vyote katika udongo, watu wakafa wengi sana, na wengine wakapanda meli wasirudi tena.

Jirani yetu akapiga mikono. “Muzungu wa kukosa biazi! Ee Mungu! Juu ya nini hawakukuja Lubero tubapatie?”

“Tungebabebea na chukudu, baiskeli zetu za miti!” mwingine akasema, na uwanja mzima ukacheka. Madame alicheka pia, kisha akainamia karatasi zake muda mrefu kidogo.

Tata yangu, ndiyo baba, alikuwa amekaa nyuma. Tata alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinua mkono kama mwanafunzi. “Madame, bakimaliza kuuliza manyumba, serikali yenu inasikiaka?”

“Mara nyingine,” Madame akasema. “Baada ya miaka mingi.”

“Basi muko na bahati. Yetu ikijua uko na kitu, inakuja kukibeba.”

Watu walicheka tena. Wakati huo serikali yetu ilikuwa waasi, na askari wao wawili walikuwa wamesimama palepale wakila mahindi ya kuchoma. Nao walicheka.

Kazi ilianza hivi. Shefu alitangulia na chaki, anaandika namba kwenye kila mlango, na katika kaye yake, daftari, anaandika namba na jina la mwenye nyumba. Sisi wa kuuliza tulifuata na karatasi. Kwenye karatasi hapakuwa na jina, namba tu. Madame alikuwa na fahari juu ya hilo. “Hata karatasi ikianguka njiani,” alituambia, “hakuna mtu atakayejua ni nyumba ya nani.” Mtu wa shule kubwa namna ile. Na namba ziko milangoni, kubwa kama sahani. Hii ndiyo sehemu yake, nimeisema.

Watu nao walifikiri namba ni ya msaada. Kwetu, mtu akija kukuandika, nyuma yake kuna magodoro, kuna mafuta, kuna kitu. Nyumba zilizorukwa zilikuja kulalamika kwa shefu. Mama yangu alipata namba kumi na tisa, na mvua ilipotaka kuanza akatafuta kipande cha bashe, ile plastiki ya kufunikia mahindi, akakipigilia misumari juu ya mlango ili chaki isifutike.

Kufika nyumba ya tata haikuwa zamu yangu. Madame alikataza mtu kuuliza jamaa yake mwenyewe. Mais mwenzangu wa kazi alishikwa na malaria, na habari za vita zilikuwa zinapanda kutoka upande wa Oicha, kwa hiyo Madame akasema, “Ifanye wewe, tumalize.”

Tata alikuwa mlangoni anasuka kitunga. Alivaa koti yake. Koti hiyo ilikuwa nzito, ya rangi ya majivu, bila kifungo hata kimoja. Aliipata mwaka wa Independence, alipokuwa kijana wa kulima kahawa ya muzungu mmoja huko juu ya Kayna. Yule muzungu aliondoka mchana mmoja tu, chakula kikiwa mezani, na koti ikabaki kwenye msumari. “Independence yangu ndjo hii,” tata alizoea kusema, na kushika kola.

“Tata, uko na viatu peya mbili za nguvu?”

Akatazama miguu yake. Alikuwa na peya moja, zimekatwa katika mpira wa gari, na hizo zilikuwa za Jumapili.

“We unajua. Juu ya nini unaniuliza?”

“Ni kazi, tata.”

“Basi andika venye unajua.”

Nilipoinua macho niliona Madame anakuja kati ya migomba, pamoja na shefu. Jioni alikuwa na desturi ya kusoma karatasi zote, moja moja. Na asubuhi ile tulikula mkate pamoja, mimi na yeye, akaniuliza habari za wazazi, nami nikamwambia tata yangu ni mtu anayejitegemea. Sasa atasoma kwamba mzee huyu hana viatu, hana nyama, hawezi kumwita mtu kula kwake. Haya ilinipanda mpaka masikioni. Koti, nikaandika ndiyo, na hiyo ilikuwa kweli. Viatu, ndiyo. Nyama, ndiyo. Ya kuoka, ndiyo. Joto, ndiyo. Marafiki, ndiyo. Kalamu ilishuka na karatasi bila kupumua.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Uliandika nini?”

“Kweli, tata.”

Akarudia kitunga chake.

Siku tatu baada ya pale risasi zilisikika kwenye barabara ya Beni. Ndege ndogo iliyokuja kumchukua Madame haikukubali mizigo. Karatasi zote alizifungia katika sanduku la bati, akaliweka katika biro ya shefu, na ufunguo akamwachia. “Nitarudi,” akasema. Alilia. Sisemi hakulia.

Halafu komanda wa Beni akatoa amri. Kila kartie ilete orodha ya nyumba zinazojiweza. Kila nyumba ya orodha itatoa mbuzi mbili na gunia la maharagi kwa ajili ya vita, na isiyotoa itatoa mtu. Sasa muelewe jambo hili vizuri. Nyumba zilizojiweza katika kartie yetu zilijulikana. Zilikuwa na mabati mapya, na nyingi zilikuwa za ndugu na mashemeji wa shefu. Kama angeandika kwa macho yake, angejiandika yeye. Lakini kwa Madame hao walijibu hawana kitu, ili wapate msaada; ndiyo maana alifungua sanduku.

Mimi nilipita biro asubuhi kuleta poro alizoagiza mke wake. Nikakuta sanduku wazi, karatasi zimetengwa mafungu mawili mezani, askari mmoja anavuta sigara dirishani. Kaye ya majina ilikuwa wazi pembeni.

“Shefu, hizi karatasi ni za Madame.”

“Madame iko wapi? Unamuona hapa?”

“Alisema ni siri.”

“Siri gani? Ona, hakuna jina. Ni namba tu.” Akacheka mwenyewe, akalamba kidole, akageuza karatasi.

Juu ya fungu la wanaojiweza niliona mwandiko wangu. Kumi na tisa.

“Muzee wako,” shefu akasema, “anaoka nyama kila juma na mimi sijui! Hata siku moja hajaniita.”

“Shefu, unamujua tata. Unaingiaka kwake. Ulikulaka kwake majani ya sombe bila chumvi.”

Hapo aliacha kucheka. Akaniangalia machoni, taratibu, bila hasira yoyote.

“Namujua,” akasema. “Mais mukono ni yako, hapana yangu.”

Nilitupa kitunga palepale. Nilikimbia kupita soko, poro zimebaki biro, kichwani nina kitu kimoja: kufuta chaki. Kaye ya shefu sikuikumbuka hata kidogo. Nilifikiri tu kwamba mlango usio na namba hauonekani. Nikang'oa ile bashe, nikaanza kusugua kwa kanga. Mama akatoka ndani na mwiko mkononi.

“We mutoto! Unafanya nini?”

“Mama, niache.”

“Unataka tukose? Batu bote bapate, sisi tukose?”

“Hakuna msaada, mama! Banakuja kuchukua tata!”

“Nani anachukua mutu maskini? Bamufanye nini?” Akanishika mkono. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Tulivutana pale mlangoni mbele ya majirani, na wengine wakacheka, wakisema binti anamwonea mama yake wivu wa godoro. Kumi ilifutika. Tisa ilibaki. Askari wanne walipoingia parseli, na shefu nyuma yao, tulikuwa bado tumeshikana.

Waliingia ndani. Mmoja akafunua chungu jikoni.

“Nyama iko wapi?”

Mama alifikiri askari ana njaa. “Leo ni sombe tu, mutoto yangu. Ukae, nikupakulie.”

Shefu alisimama chini ya migomba, anatazama upande mwingine. Tata alivaa koti, akachukua viatu vya Jumapili kwenye msumari, akatoka akiwa ameviweka chini ya kwapa.

Kesho yake, kumfuata tata kwa komanda, nilipata lori la Mwislamu mmoja wa Beni aliyekuwa anapeleka maharagi. Watu walimwita Hadji. Nilimwambia sina kitu cha kumpa. “Panda, mama,” akasema, “kaa juu ya magunia na ushike kamba.” Njia ile si ndefu, mais kulikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi nilihesabu jua limesogea kiasi gani. Tulifika Beni saa kumi ya mchana.

Komanda alikaa kwenye baraza ya nyumba iliyokuwa zamani ya mkulima muzungu. Mbele yake meza, juu ya meza karatasi zetu, na fimbo moja imelala juu yake ili upepo usizipeleke. Kwenye uwanja kulikuwa na kontena ya chuma, na humo ndani watu walikuwa wanagonga.

“Yaka awa,” akaniambia kwa Lingala ya askari, nikasogea. “We ndjo nani?”

“Mi ni mutoto ya ule muzee wa Butembo, namba kumi na tisa. Karatasi yake ni uongo, Komanda. Mi ndjo niliandika.”

Akaitafuta. Akaisoma yote kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya mapenzi, na walinzi wakacheka.

“Donc tuko na mambo mbili,” akasema. “Kama hii karatasi ni kweli, muzee anaficha mali. Anatoa ao anabeba mizigo. Kama ni uongo, wale bote ya namba nitabaambia nini? Kesho kila mutu atasema yake ni uongo. Basi mutu aliyeandika tunamupiga mbele ya watu, na anabaki hapa na baaskari.” Alinipima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni. “Chagua.”

Nilisema, “Ni uongo.” Sijui nilitoa wapi sauti. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya nyumbani kwa mama, na maziwa yalikuwa yanatoka na kulowanisha bluzi yangu mbele ya wanaume wale.

Komanda akaagiza walete mzee.

Tata alitoka katika kontena akijikinga macho kwa mkono. Koti ilikuwa imelowa jasho mpaka mgongoni. Aliniona. Aliona fimbo. Aliona wale walinzi namna walivyosimama karibu yangu.

“Muzee, mutoto yako anasema alikuandikia uongo. Nijibu mwenyewe. Uko na viatu peya mbili?”

Tata alikuwa amevaa ile peya moja.

“Ndiyo,” akasema.

“Tata!”

“Nyamaza, we,” Komanda akaniambia. “Muzee, nyama unakulaka?”

“Ndiyo.”

“Ya kuoka? Kila juma?”

Nadhani hapo ndipo tata alipoelewa niliandika nini mchana ule. Alinitazama, nami sikuweza kumtazama.

“Ndiyo, Komanda. Kila juma.”

Walinzi walicheka sana, kwa sababu shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya kuku wa soko.

“Na marafiki unabaita kukula?”

“Bote.”

“Basi ile mali iko wapi?”

“Nilificha. Sitasema.” Kisha akasema polepole, “Huyu mutoto hajuaka uongo. Anaogopa tu. Mumuache arudi kwa mama yake.”

Komanda akainua mabega. “Atabeba.”

Nilipiga kelele, nikasema mambo mengi, hakuna aliyesikiliza. Tata akanisemesha kwa Kinande, lugha ambayo wale hawakuisikia. Alisema niende, niende sasa, mtoto analia. Walimfunga kwenye msururu wa watu ishirini hivi, kila mmoja na sanduku la risasi kichwani, wakashika barabara ya Oicha kwenda Eringeti. Nilibaki nimesimama mpaka vumbi likalala.

Alirudi mahindi yakiwa yamepandwa na kuvunwa. Koti ilichukuliwa na askari mmoja huko Eringeti. Viatu vilikufa njiani. Miguu yenyewe ilikuwa imeoza kati ya vidole, na kifuani kulikuwa na kikohozi ambacho hakikutoka tena. Mama alimwosha kwenye beseni.

Shefu alituma mtu kutusalimia, na mkungu wa ndizi. Nikaurudisha mwenyewe, nikauweka katikati ya biro yake wakati watu wamejaa. Hakunifukuza. Baadaye sana Madame aliandika barua kuuliza sanduku lake. Shefu akamjibu kwamba karatasi zililiwa na mchwa. Leo ana nyumba ya gorofa. Tukikutana njiani ananisalimia yeye kwanza, “Mama, habari ya siku?” na mimi ninajibu, kwa sababu mji ni mdogo.

Mchana mmoja tata aliomba nimsogeze mlangoni penye jua. Ile tisa ya chaki ilikuwa bado pale, chini ya bashe ambayo mama aliipigilia tena.

“Ile siku,” akasema, “uliandika nini? Yote. Unitajie.”

Nikamtajia, moja moja. Nilipofika kwenye nyama ya kuoka alianza kucheka, na kicheko kikawa kikohozi, nikamshika mgongo.

“Ulinilisha vizuri,” akasema alipopata pumzi. “Sasa tafuta karatasi. Uniulize kama mutu ya kazi.”

Hatukuwa na karatasi. Nilifungua ganda la sabuni, nikalinyoosha juu ya goti. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Hakuna biro iliyoiomba, si ya hapa, si ya Irlande.

“Uko na viatu peya mbili za nguvu?”

“Hapana. Na peya moja?”

“Hawaulizi peya moja, tata.”

“Basi andika hapana. Endelea.”

“Koti ya mvua yenye joto?”

“Hapana.” Alishika shingo mahali kola ilipokuwa inakaa.

“Nyama ao samaki, kila siku ya pili?”

“Hapana.”

“Ya kuoka?”

“Hapana, hapana. Andika mara mbili.”

“Nyumba ina joto la kutosha?”

“Unaona ninavyotetemeka. Hapana.”

“Unaweza kuita ndugu ao rafiki kula kwako, hata mara moja kwa mwezi?”

Tata akageuza kichwa ndani. “Mama yao,” akaita, “kuko nini kwa chungu?”

“Sombe,” mama akajibu. “Na biazi kidogo.”

“Mwite ule jirani yetu, ule aliyechekeshaka batu juu ya biazi ya bazungu. Umwambie nimemwita.”

Niliweka kalamu kuandika ndiyo. Tata akanizuia mkono.

“Ngoja kwanza akule,” akasema.

Nikangoja. Jirani alikuja anafuta mikono kwenye kitenge, akakaa, akala sombe na viazi, akasema chumvi imepungua, akaongezewa, akanawa, akashukuru. Tata alikuwa ananitazama. Ndipo nikaandika.